Simu Iliona Mayai, Safura Ikapita: Uchambuzi wa Kisa

Sifuri inayosumbua katika kisa hiki, ile iliyosema watoto wa shule tatu hawana minyoo ya safura baada ya choo chao kupigwa picha kwa simu, niliiandika mimi. Naitaja mapema kwa sababu kila ninapokisimulia kwenye mafunzo, wasikilizaji huanza kumtafuta mkosaji miongoni mwa vijana waliokwenda shuleni kukusanya choo, ilhali vijana wale walifanya walichoagizwa. Majina ya wilaya, shule na watu nimeyaondoa. Idadi ya watoto waliokutwa na minyoo nayo siiweki, maana katika wilaya ndogo hesabu moja tu yatosha kuitambulisha shule. Nitasema tu iliangukia upande gani wa mstari wa asilimia unaoamua dawa zitolewe mara ngapi.

Usuli

Wilaya yenyewe iko pwani ya Tanzania: udongo wa kichanga, mihogo na minazi, na watoto wengi wanaokwenda shule pekupeku. Dawa za minyoo hutolewa shuleni mara moja kwa mwaka. Mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele alikuwa na maswali mawili kuhusu kata tatu za kusini.

La kwanza lilikuwa la kiutaratibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema eneo lenye maambukizi ya asilimia 20 au zaidi lipewe dawa mara moja kwa mwaka, na likifika asilimia 50, mara mbili. Je, kuna kata inayostahili kuombewa mzunguko wa pili?

La pili ndilo lililokuwa na meno. Stoo ilikuwa na makasha ya dawa ya mebendazo, na dawa nyingine, albendazo, ilikuwa bado njiani. Atumie iliyopo? Kwa minyoo mikubwa ya mviringo, dozi moja ya mebendazo inafanya kazi nzuri. Mbele ya safura haifui dafu. Hapo anayetegemewa ni albendazo ya miligramu 400. Kwa hiyo jibu lilitegemea jambo moja: safura ipo au haipo.

Hadubini ya kituo cha afya cha jirani ilikuwa imeungua balbu. Zile za hospitali zilikuwa na foleni ya malaria na kifua kikuu, hakuna aliyekuwa tayari kuziachia. Ndipo kijana wetu wa maabara alipokuja na habari ya Pemba.

Habari hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Pemba, ambamo watafiti walibandika lenzi ya kioo yenye umbo la gololi, kipenyo cha milimita 3, kwenye kamera ya iPhone 4S kwa selotepu ya pande mbili, wakamulika slaidi kwa tochi ndogo. Lenzi iligharimu dola zipatazo 8. Walisoma slaidi 199 za watoto wa shule, kisha wakalinganisha na hadubini ya kawaida. Kwa jumla simu ilinasa asilimia 69.4 ya slaidi zenye mayai ya minyoo. Kijana alinionyesha namba hiyo kwenye skrini, akaniambia, "Mzee, hii ni Pemba, si Ulaya. Watoto ni hawa hawa, minyoo ni hii hii." Nilimkubalia. Nilipaswa kumwambia asogeze ukurasa chini kidogo.

Kifaa chenyewe

Gololi ya kioo ni lenzi kali sana kwa sababu ya udogo wake. Leeuwenhoek, Mholanzi wa karne ya 17, aliona vijidudu kwa vilenzi vidogo vya namna hiyo, kimoja kimoja, bila mrija wala lenzi ya pili. Kwa hiyo wazo ni la kale. Kilichoongezwa na simu ni jicho lisilochoka na kumbukumbu.

Kijana alitoboa kipande cha plastiki ngumu, akaitia gololi kwenye tundu, akakibandika juu ya kamera. Slaidi inawekwa karibu mno na lenzi, na katikati yake panapita karatasi laini ya plastiki ili choo kisiguse kioo. Kwa chini ni tochi, na karatasi nyeupe ya daftari ya kutawanya mwanga. Ikikaa sawa, katikati ya skrini panatokea duara safi. Pembeni picha inapinda na kufifia, kama mtu anayechungulia ndani ya chupa.

Slaidi zilitengenezwa kwa njia ya Kato-Katz, ile ile ya Pemba. Choo kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye tundu la kiolezo linalobeba miligramu 41.7, kisha kinafunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Idadi ya mayai ukiizidisha kwa 24 unapata mayai kwa gramu. Gliserini ina kazi yake: inaupenya uchafu na kuufanya uwe wazi, mayai yabaki yakionekana. Tutairudia hiyo gliserini.

Siku tatu za shuleni

Siku moja kabla ya kwenda kila shule, moja kwa kila kata, mwalimu wa afya aligawa vikopo vyenye namba. Asubuhi watoto walivirudisha huku wakicheka na kuvificha mgongoni. Ndugu wawili walileta choo kilichofanana hadi punje ya mahindi, walipobanwa, mdogo alisema, "Kaka alinigawia." Hakuna hadubini inayoweza kulikamata jambo la aina hiyo. Anayelikamata ni mwalimu anayewajua wanawe.

Meza iliwekwa chini ya mwembe. Saa ya kwanza ilikuwa sherehe. Kwenye slaidi ya tatu kijana alikutana na yai la mnyoo mkubwa wa mviringo: la kahawia, ganda lenye vinundu kama stafeli. Mwalimu mkuu akaja kuangalia, akawaita walimu wenzake, walimu wakaita darasa la sita. Baadaye likapatikana la mnyoo mjeledi, mfano wa pipa dogo lililozibwa ncha zote mbili. Mtoto mmoja aliuliza kama yai hilo lina kifaranga. Nimefanya kampeni nyingi za kunawa mikono kwa mabango, na sijaona bango lililonyamazisha darasa kama skrini ile.

Foleni ikaanza kurefuka. Msomaji mwenye uzoefu humaliza slaidi ya Kato-Katz kwa dakika chache, maana hadubini ina meza yenye vishikizo vya kuisogeza slaidi kwa mstari. Hapa slaidi ilisogezwa kwa kidole, duara moja baada ya jingine, bila uhakika kama kona fulani imeshapitiwa. Mara simu ikaita, alikuwa mama yake kijana, na mtikisiko ule ukaivuruga picha. Mara skrini ikafifia kwa joto. Kufikia adhuhuri slaidi zilizosomwa zilikuwa chache kuliko zilizosubiri.

Wakaamua jambo lililoonekana la busara: slaidi ziandaliwe shuleni mchana, zipangwe kwenye boksi, picha zipigwe usiku gesti, penye meza tulivu na chaji. Shule ya pili na ya tatu zilikwenda hivyo hivyo. Picha zilitumwa kwangu kwa WhatsApp, mimi nikiwa mkoani, nizisome na kujaza fomu.

Sifuri iliandikwaje

Fomu ilikuwa na safu tatu za namba: minyoo ya mviringo, minyoo mjeledi, safura. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba picha haisomeki. Niliona mayai ya stafeli mengi, mapipa kadhaa, na mengine niliyoyaita mapipa kwa moyo mzito. La safura sikuona hata moja. Nikaandika sifuri, mstari baada ya mstari, shule zote tatu.

Kwa nini sikushtuka? Sababu ninayoweza kuitetea ni kwamba picha zilikuwa nzuri za kutosha kuonyesha aina nyingine, na kifaa kinachoonyesha hiki huaminika kwa kile. Sababu nisiyoweza kuitetea ni kwamba nilikuwa nikisoma usiku, kwenye simu yangu, picha zilizobanwa na WhatsApp hadi zikabaki vivuli, huku nikiwa nimeshaahidi majibu Jumatatu.

Rasimu ya ripoti ilisema: kata zote tatu ziko chini ya asilimia 50, safura haipo. Kwa lugha ya stoo, maana yake ni kwamba mebendazo ipelekwe.

Sista na daftari lake

Kikao cha kuijadili rasimu hiyo kilikuwa kinaelekea kufungwa. Sista wa zahanati ya kata ya tatu, mama aliyekaa pale miaka mingi, alikuwa amekuja na daftari lake la wagonjwa, si kwa ajili ya minyoo bali kuomba vikopo vya kupimia damu. Alisikiliza, akainua mkono.

"Samahani mzee wangu. Safura imehama lini? Maana mimi sikuiaga."

Watu wakacheka. Mimi nikajibu kama anavyojibu mtu aliyekwisha kuandika ripoti: "Sista, picha ndizo hizo." Hakubishana. Alifungua daftari akanisomea: mtoto, viganja vyeupe, mtoto, kope nyeupe, anachoka, mtoto, anakula udongo. Wote wa vijiji vya mchangani. Safura huingia kwa nyayo, hukaa utumbo mdogo na kunyonya damu. Kata yenye mchanga, miguu mitupu na viganja vyeupe kisha isiwe na safura hata moja ni habari inayohitaji ushahidi mzito kuliko duara la kwenye skrini.

Usiku huo nilimpigia kijana.

"Slaidi ya mwisho ya shule ya tatu uliipiga picha saa ngapi?"

"Saa nne usiku, Mzee."

"Na uliiandaa saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Saa nne asubuhi."

Saa kumi na mbili. Yai la safura lina ganda jembamba kama povu la sabuni. Gliserini inayousafisha uchafu hulisafisha na yai lenyewe, na ndani ya nusu saa hadi saa moja linakuwa halionekani. Stafeli na pipa hubaki siku nyingi. Jambo hili nimelifundisha kwa mdomo wangu kwa miaka. Ila picha ilipofika mkononi ilikuwa na saa ya kutumwa tu, nami sikuuliza saa ya slaidi. Vijana nao hawakuambiwa. Kwao usiku na mchana vilitofautiana kwa mwanga na chaji.

Uamuzi wa kurudia

Palikuwa na njia tatu. Kuandika "safura haikupimwa" na kuendelea. Kurudia shule zote. Au kurudia moja. Mratibu alikuwa na mafuta ya pikipiki ya siku mbili tu. Tukachagua shule ya tatu, kwa sababu ya daftari la Sista, na kwa sababu kosa likiwapo popote litakuwapo pale.

Chuo kimoja kilituazima hadubini kuukuu ya kioo, ya kuvuta mwanga wa jua, iliyokuwa juu ya kabati ikikusanya vumbi. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Kila slaidi iliandikwa saa ya kufunikwa kwa penseli. Slaidi zilitengenezwa tano tano, wala hatukuanza nyingine kabla hizo hazijasomwa. Kila moja nilianza kuisoma kwa hadubini ndani ya nusu saa, kijana akaisoma papo hapo kwa simu yenye gololi bila kuona jibu langu, na mwisho tuliiegemeza simu kwenye jicho la hadubini tukapiga picha.

Safura ilikuwepo, na kwa wingi. Ilipojumlishwa na minyoo mingine, shule ilivuka mstari wa asilimia 50.

Lililonifundisha zaidi ni ule usomaji wa katikati. Hata slaidi zikiwa mbichi, simu yenye gololi iliikosa safura mara nyingi kuliko ilivyoiona. Kwa minyoo ya mviringo tulikubaliana karibu kila mara. Kwa mjeledi, baadhi ya "mapipa" ya kijana, na bila shaka ya kwangu ya wiki zile, yalikuwa mapovu ya hewa na vipande vya majani ya mboga.

Matokeo

Ripoti iliandikwa upya. Kata ya tatu iliombewa albendazo na mzunguko wa pili, na mebendazo haikwenda huko. Kwa shule mbili nyingine safu ya safura ilifutwa, pakaandikwa "haikupimwa", jambo lililomkera mratibu, na nina haki ya kusema alikuwa na haki ya kukereka. Tulichelewa wiki tatu. Watoto waliotoa vikopo mara ya pili walitaka kujua walikosea nini mara ya kwanza.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilitendeka kabla hatujagusa kopo. Jedwali la Pemba linasema wazi: kwa minyoo ya mviringo simu ilinasa asilimia 81.0, kwa mjeledi 54.4, kwa safura 14.3. Sisi tulichukua 69.4 ya jumla. Wastani ule ulikuwa ukweli kuhusu Pemba na haukuwa na uhusiano na swali letu, kwa sababu swali letu lilikuwa safura peke yake. Aliyeuliza "simu inafaa?" alipaswa kuuliza "inafaa kuona nini?" Utafiti huo huo unatoa pia asilimia 61.5 kwa upande wa pili, yaani kati ya slaidi zisizo na mayai, karibu nne katika kila kumi simu iliziona zina mayai. Mapovu yangu yana ndugu zao Pemba.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba simu si kifaa cha maabara. Haiko hivyo, na mfano ninaoupenda ni wa Okola, Kameruni. Huko kuna mnyoo wa macho, Loa loa. Mtu mwenye vijinyoo vingi mno katika damu akipewa dawa ya ivermectin ya kutibu ugonjwa wa usubi anaweza kupata madhara ya ubongo. Mwaka 1999 ugawaji wa dawa ulisimamishwa Okola baada ya watu kudhurika vibaya na watatu kufa. Mwaka 2015 watafiti walirudi na simu iliyofungwa kwenye kiboksi chenye lenzi, iliyoitwa LoaScope. Tone la damu ya kidole linaingia kwenye kibomba cha kioo, simu inapiga video, na programu inahesabu jinsi vijinyoo vinavyozitikisa chembe za damu. Walipima watu zaidi ya 16,000. Takriban asilimia 2 walikutwa na zaidi ya vijinyoo 20,000 kwa mililita, wakanyimwa dawa hiyo. Zaidi ya asilimia 95 walipewa, na hakuna aliyepata madhara makubwa ya namna ile.

Angalia tofauti. Swali la Okola lilikuwa moja: amevuka 20,000 au hajavuka? Kitu kinachotafutwa kinacheza, hivyo hakihitaji lenzi ya kuonyesha ganda jembamba; mtikisiko watosha. Na simu ilisomwa pale pale, mbele ya mwenye damu. Sisi tulichukua kitu kisichotembea, chenye ganda la povu, tukakiacha kiyeyuke kwa saa kumi na mbili, kisha tukakibana kwa WhatsApp. Simu ni ile ile.

Kuhusu WhatsApp: picha ikitumwa kama picha hubanwa; ikitumwa kama faili hufika ilivyo. Kijana alilijua hilo tangu shule ya sekondari, anatuma nyimbo kwa njia hiyo. Hakuna aliyemuuliza.

Fomu nayo ilichangia. Karatasi isiyo na nafasi ya "sijui" humlazimisha mtu aandike sifuri, na sifuri ikishaingia kwenye jedwali la wilaya hakuna anayeweza kuitofautisha na sifuri iliyotafutwa kwa jasho.

Faragha tuliivuka bila kujua. Siku ya kwanza mtu alipiga picha orodha ya namba pamoja na majina ya watoto akaitupa kwenye kundi, ili nisipoteze mpangilio. Ilikaa humo siku nne. Tuliifuta, lakini kufuta kwenye kundi si kufuta kwenye kila simu. Hili ndilo linalokuja na kutumia simu ya mtu: kifaa cha maabara kinalala nyumbani kwake, kinashikwa na wanawe, kina mkopo wa muda wa maongezi na picha za harusi ya dada yake.

Lililofaulu ni lile ambalo hatukulipanga. Simu iliyoegemezwa kwenye jicho la hadubini ilitoa picha ambazo hata mimi nilizisoma mkoani bila wasiwasi, safura ikiwemo, kwa kuwa kazi ngumu ilifanywa na lenzi za hadubini na simu ikabaki kukumbuka. Sasa asilimia fulani ya slaidi hupigwa picha hivyo, nami huzikagua. Gololi haikutupwa: mwalimu mkuu wa shule ya kwanza aliiomba, na ninavyosikia darasa la sita wameshaona mguu wa nzi, chumvi, na maji ya dimbwi la nyuma ya choo.

Na fomu ina safu mbili mpya, saa ya kufunikwa na saa ya kusomwa, pamoja na kisanduku cha "haikusomeka". Ijumaa iliyopita zilikuja fomu za kata nyingine, safura sifuri, safu za saa tupu. Nimezirudisha. Sista nimempigia kumwambia, akaniuliza vile vikopo vya damu vitafika lini.